Mlango Haushiki Kitasa? Jaza Nyuma ya Bawaba

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina mlango wa chumba wa mbao ya paini. Mwezi wa pili ulifunga vizuri, lakini tangu Agosti ulimi wa kitasa haufiki kwenye tundu la fremu, upepo ukivuma unafunguka. Nimeshauriwa kubomoa fremu. Hakuna njia nyingine?
Msomaji, Kikuyu, Dodoma

JIBU: Usibomoe chochote. Dodoma mvua ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo hewa hukauka na mbao husinyaa kwa upana. Mlango umepungua milimita mbili tatu, basi usogeze upande wa kitasa.

Tafuta ile kadi ya plastiki inayobaki ukishabandua laini ya simu. Unene wake ni karibu milimita 0.8, na haibonyei kama boksi. Kata kipande kidogo kidogo kuliko bamba la bawaba, kisha kwenye kila tundu la skrubu chana mfereji hadi ukingoni, ili kiingie bila kung'oa skrubu.

Pigilia kabari chini ya mlango ibebe uzito. Legeza skrubu za upande wa fremu, bawaba moja kwa wakati, chomeka kipande, kaza. Bawaba zote zipate unene uleule. Ukijaza ya chini peke yake, kona ya chini ndiyo itakayosogea na mlango utakaa upande. Skrubu ikizunguka bila kukaza, jaza tundu njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao.

Kadi mbili kila bawaba zinatosha. Zikizidi, skrubu fupi hukosa mbao ya kushika, tumia ndefu zaidi. Mwanya upande wa kitasa usipungue milimita 2, na mvua zikianza mlango ukakwama, toa kadi. Tafadhali usipige randa wakati huo: mbao iliyorandwa ikiwa imevimba haitarudi kiangazi.

SWALI: Kabati langu la nguo linayumba, na milango yake imepishana. Nimeweka vibao chini, vimeliwa na mchwa.
Msomaji, Kondoa

JIBU: Milango hupishana kwa sababu sakafu imelipinda kabati. Kata vipande vya ndoo ya plastiki iliyopasuka, mchwa hana chakula humo. Ongeza kimoja kimoja chini ya mguu unaoning'inia, ukitazama milango mpaka ilingane. Kabati liwe tupu; likiwa na nguo, uzito hukudanganya.