Ukiwaokea Marafiki, Usikimbizane na Picha

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, biskuti zangu zinaiva vizuri, ila nikimwaga aisingi inatambaa mpaka inashuka kwenye trei. Rafiki yangu anazitaka kwa sherehe ya mwanawe Jumamosi, na ameshanitumia picha. Nisaidie." Nilimjibu kwa mistari miwili kwa sababu Jumamosi ilikuwa imeshabisha hodi. Jibu refu ni hili, na litapitia kwanza kwenye hiyo picha kabla ya kufika kwenye aisingi, ile sukari laini ya kupambia juu. Najua wengi mnaosoma hapa tuko njia moja. Mnaoka jikoni kwenu, mnawaokea watu mnaowapenda, na mnataka siku moja mtu afungue boksi akose la kusema.

Mimi huyo wa kukosa la kusema nimeshampata. Hivi karibuni nilimpelekea rafiki yangu aliyejifungua boksi la biskuti nyeupe, kila moja ina ua dogo la manjano pembeni, basi. Alinyamaza. Kisha akamwita mumewe aje aone kabla hajagusa hata moja. Sisemi haya kujisifu. Haya, najisifu kidogo. Lakini mjue nilikopita mpaka nikathubutu kupeleka biskuti yenye ua moja tu.

Rafiki mwingine, wa tangu shuleni, aliwahi kunitumia picha ya kapkeki zenye mawaridi ya krimu, nyekundu iliyokoza katikati na hafifu kwenye ncha za petali. Hakuuliza kama ninaweza. Aliandika tu, "Hizi hapa mpenzi, nakuaminia." Nikaacha kila kitu. Mawaridi ya namna ile hayatoki kwa kuzungusha nozo ya nyota, ile ncha ya mfuko wa krimu yenye mdomo wa umbo la nyota, mara moja juu ya keki. Unashika kimsumari chenye kichwa bapa, unagandisha juu yake kipande cha karatasi ya kuokea, unachukua nozo ya petali ambayo mdomo wake ni mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Mkono mmoja unazungusha kimsumari, mwingine unajenga petali moja baada ya nyingine, upande mpana ukiwa chini. Ua likikamilika linaingia friji mpaka ligande, ndipo ulihamishie kwenye kapkeki. Krimu ikipata joto la kiganja katikati ya kazi, petali zinalala. Unarudisha mfuko kwenye friji, unasubiri, unaanza tena. Nilikesha. Na yalipendeza. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu: yalipendeza.

Alifungua boksi, akatoa simu, akaiweka kando ya kapkeki zangu, akawa anaangalia huku na huku. "Nzuri sana," akasema. "Ila hazijawa kama zile."

Pengine hata hakumbuki. Wageni walizimaliza, akanitumia ujumbe wa shukrani wenye mioyo mingi, na hadi leo tunaongea vizuri. Lakini sentensi ile ninayo, na mtu yeyote akinitumia picha naisikia kabla sijaifungua.

Fikirieni picha yenyewe. Ni ya kapkeki moja iliyochaguliwa kati ya nyingi, imewekwa chini ya taa, pengine dakika chache tu baada ya kupambwa. Wapo wapambaji wa vyakula vya picha wanaotumia mafuta magumu meupe badala ya siagi, kwa sababu hayalainiki upesi. Kapkeki ile haikusafiri kwenye gari, haikusubiri mezani mgeni rasmi amalize hotuba, na hakuna aliyeuliza ina ladha gani. Wewe unatakiwa ushindane nayo, tena kwa trei nzima zilizofanana, tena ziliwe. Huo si ushindani wa haki, na rafiki anayekupenda hana sababu ya kukuingiza humo. Kama nimekuwa mkali, sawa.

Siku hizi nikitumiwa picha nauliza swali moja tu: "Umependa nini hapa?" Jaribuni, mtashangaa. Mara nyingi jibu ni rangi. Au jina la mtoto lilivyoandikwa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kilichomvutia ni kukoza na kufifia kwa petali. Basi nachukua hicho kimoja alichokipenda, namwambia mapema kwa maneno ya wazi: nitakutengenezea biskuti za duara, nyeupe, zenye jina kwa rangi ya buluu. Neno "nitajaribu zifanane" silitamki tena. Ukishalitamka umekubali picha iwe hakimu wako.

Tuje kwenye aisingi ya dada yetu.

Aisingi hii inayokauka ikawa ngumu ni sukari ya unga na ute wa mayai. Kwa gramu 500 za sukari anza na ute wa mayai mawili, kisha uongeze kidogo kidogo ukiona haja. Ute mbichi unaweza kubeba salmonela, kwa hiyo kama walaji ni watoto wadogo, wajawazito au wazee, tumia ute wa paketi uliopashwa moto kiwandani kuua vijidudu, au ule unga wa ute wa mayai unaochanganywa na maji. Mimi siku hizi natumia unga huo kwa kila mtu, nisiwe na la kuwaza usiku. Bakuli na mwiko visiwe na hata chembe ya mafuta, maana mafuta yanazuia ute kushika povu.

Inatambaa kwa sababu ni nyepesi mno. Hakuna siri nyingine. Chota kijiko cha aisingi, kimwage juu ya ile iliyobaki bakulini, halafu hesabu. Mstari ukizama kabla ya sekunde 10, hiyo itakukimbia. Ukizama kati ya sekunde 15 na 20, hiyo ndiyo ya kujazia. Ya kuchorea ukingo iwe nzito zaidi, mstari wake ukae usizame. Chora ukingo kwanza, usubiri ushike, ndipo ujaze katikati. Ikiwa nyepesi ongeza sukari kijiko kimoja kimoja. Ikiwa nzito ongeza maji kwa matone, na nikisema matone namaanisha matone. Chupa ya kunyunyizia ni salama kuliko kijiko. Vipovu vitoboe kwa ncha ya kijiti cha meno kabla uso haujashika.

Halafu ziache. Jamani, ziache! Zinahitaji kati ya saa 8 na 24 ili zikauke mpaka ndani, kutegemea unene wa aisingi na unyevu wa hewa. Feni ikipuliza taratibu juu yake uso unakauka upesi na kubaki na mng'ao. Ukiandika jina la buluu juu ya nyeupe ambayo bado ni mbichi ndani, buluu inavuja, na hapo hakuna dua itakayoirudisha. Na usizifunike wala kuzipeleka friji zikiwa bado hazijakauka.

Biskuti yenyewe haina mengi. Ya kukata maumbo usiitie bekingi pauda, na usipige siagi na sukari mpaka vivimbe kwa hewa, kwa sababu hewa hiyo ndiyo inayozitanua kwenye oveni hadi nyota inageuka duara. Sukuma donge unene wa milimita 6, kata, ingiza trei friji kwa dakika 20, oka kwa nyuzi 175 mpaka kingo zianze tu kubadilika rangi. Zipoe kabisa kabla ya aisingi. Biskuti ya uvuguvugu inalainisha aisingi kutoka chini, kisha unailaumu sukari bure.

Kapkeki ndizo zenye kesi. Ukijaza karatasi zaidi ya theluthi mbili, zinafurika na kuwa na kofia, na juu ya kofia krimu haikai sawa. Ukishatia unga usiendelee kukoroga baada ya kuchanganyika. Keki inakaza na kutoboka matundu marefu ndani. Kwa nyuzi 175 huiva kwa dakika kati ya 18 na 22, lakini amini kijiti ulichochomeka katikati kikatoka kikavu kuliko saa. Zikitoka, zipe dakika chache tu kisha zihamishie kwenye wavu. Ukiziacha kwenye bati lake mvuke unarudi chini, karatasi zinalowa na kubanduka, na ukimpelekea mtu kapkeki iliyovua karatasi atadhani ni ya jana hata kama umeitoa asubuhi hiyo.

Krimu ya siagi, ile rahisi, ni siagi kipimo kimoja kwa sukari ya unga vipimo viwili kwa uzito, na chumvi kidogo ikate utamu. Siagi iwe laini kiasi cha kuingia alama ya kidole, isiwe imeanza kung'aa mafuta. Piga siagi peke yake kwanza mpaka ipauke, ndipo sukari. Kama hewa ni ya joto badilisha sehemu ya siagi kwa mafuta magumu ya mboga. Ladha inapungua, sitawadanganya, ila maua yanasimama. Wanaotaka krimu isiyo tamu sana wapashe ute wa mayai na sukari juu ya mvuke hadi nyuzi 71, wapige mpaka povu lisimame na bakuli lipoe kabisa, kisha watie siagi kipande kwa kipande. Itafika mahali ionekane imekatika. Endelea kupiga, itarudi.

Kitu kingine ambacho picha haikuonyeshi ni ratiba. Kama sherehe ni Jumamosi, donge la biskuti liwe tayari Jumanne, uoke Jumatano, ujaze aisingi Alhamisi, uandike Ijumaa. Biskuti zilizokauka vizuri zinakaa wiki nzima kwenye kopo lisiloingiza hewa, kwa hiyo huna sababu ya kukesha. Kapkeki ni kinyume: oka Ijumaa, pamba Jumamosi asubuhi. Rafiki akikuambia Alhamisi kwamba anataka vyote viwili Jumamosi, mpe kapkeki za nozo ya nyota zenye rangi moja. Akikasirika, mwache akasirike. Mkono wako una saa zilezile alizo nazo yeye.

Na hapa niseme neno kwa marafiki wenyewe, maana najua mnasoma. Anayekuokea bure amekupa sukari, siagi, mayai, umeme na usingizi wake. Usimletee picha kama mtu anayeagiza dukani. Mwambie unapenda rangi gani, mpe muda, na akileta boksi weka simu mfukoni kwanza. Ukitaka kufanana na picha nenda kwa anayeuza, lipa, na dai haki yako huko. Zawadi haidaiwi. Nimeyameza haya kwa muda mrefu mno nikiogopa kuonekana nina roho ndogo, na nyinyi mnaooka mkiendelea kuyameza mtakuja kuichukia oveni yenu wenyewe. Jifunzeni kusema "hicho sikitengenezi". Semeni mapema, semeni bila kuomba radhi, semeni hata kwa yule mnayempenda zaidi, hasa kwa yeye.

Ila kuna jambo moja ambalo mwokaji hana ruhusa ya kukataa: mzio. Kabla hujapima unga uliza nani hali karanga, nani hali mayai, maziwa au ngano. Biskuti iliyopambwa inamvutia mtoto kuliko mtu yeyote mezani, na mtoto hatauliza ndani mna nini. Kama nyumba ina mtu mwenye mzio mkali wa karanga, nami jikoni kwangu nazitumia, naeleza hivyo na napeleka maua badala ya biskuti.

Mwisho nijibu na lile swali la rangi, kwa sababu dada yule ameshaandika tena: nyekundu yake inatoka rangi ya waridi kila mara. Usiendelee kumimina rangi mpaka aisingi iwe chungu na kuchelewa kukauka. Tumia rangi ya jeli, ya maji inalegeza. Ikoze hadi karibu na unayoitaka, funika bakuli kwa plastiki iguse uso wa aisingi, iache saa kadhaa au usiku mzima. Nyekundu na nyeusi huendelea kukoza zenyewe. Nyeusi usiianzie kwenye nyeupe ikiwa unatengeneza krimu ya siagi: tia kakao kwanza iwe kahawia nzito, ndipo rangi nyeusi, utatumia kidogo sana. Na mabakuli hayo yawekeni mbali na dirisha lenye jua, hasa zambarau, maana mwanga huififisha ikabaki buluu iliyochoka.