Maswali ya Wasomaji: Baraza ya Mbao kwenye Ukuta wa Vinaili

SWALI: Nyumba yangu hapa Columbus, Ohio, ni ya mbao, na kuta zake za nje zimefunikwa kwa vinaili, yaani mabamba ya plastiki. Nataka kuijengea baraza ya mbao upande wa nyuma, yenye kina cha futi 12 kutoka ukutani. Fundi anasema ataikaza boriti ya kwanza, ile inayounganisha baraza na nyumba, juu ya vinaili yenyewe, kisha azibe kandokando kwa silikoni, ili nisilipie kazi ya kubandua. Je, njia hiyo inafaa?

JIBU: Haifai. Vinaili haibebi mzigo wowote; ni ganda jembamba lililotundikwa kwa misumari ambayo kwa makusudi haikukazwa, kwa kuwa kipande cha futi 12 hurefuka na kufupika kwa nusu inchi au zaidi kadiri joto na baridi vinavyopokezana. Boriti ikibanwa juu yake, ganda hubonyea, na bolti zilizoonekana kukaza siku ya kwanza huanza kulegea.

Lakini hatari kubwa zaidi ni maji. Mvua hupenya nyuma ya vinaili na kushuka hadi chini, ambako hutoka yenyewe. Ukiiwekea boriti na silikoni njiani, maji hubaki yakiozesha mbao zilezile zinazoshikilia baraza. Roshani iliyoanguka Berkeley, California, Juni 2015 na kuua vijana 6 ilijengwa kwa namna tofauti, ila nayo iliangushwa na mbao zilizooza kwa unyevu.

Kwa hiyo vinaili ibanduliwe mahali boriti itakapokaa, ikiwezekana siku ya joto, kwa sababu kwenye baridi hupasuka upesi. Mbao zikionekana, fundi ahakikishe kwamba nyuma ya plaiwudi ipo boriti nzima ya ukingo wa sakafu ya nyumba, kwani hiyo ndiyo inayopaswa kushikwa. Misumari peke yake hairuhusiwi. Kwa boriti za sakafu ya baraza za futi 12 na mzigo wa kawaida wa pauni 40 kwa futi mraba, kanuni za makazi zinazotumika sehemu nyingi za Marekani hutaka bolti za nusu inchi zinazopenya hadi upande wa pili, zisiachane zaidi ya inchi 29. Zikiwa skrubu nene za nusu inchi, mwisho ni inchi 15. Zipangwe juu na chini kwa kupishana.

Juu ya boriti huwekwa bati la kuongoza maji, ambalo ukingo wake wa juu huingia nyuma ya karatasi ya kuzuia maji ya ukutani. Likiwekwa mbele ya karatasi hiyo, litayapeleka maji palepale tunapoyakimbia. Lisiwe la alumini, kwa maana dawa ya shaba ya kuzuia kuoza, iliyomo katika mbao za baraza za siku hizi, huila alumini, na kwa sababu hiyohiyo bolti ziwe za chuma cha pua au zilizochovywa katika zinki. Vinaili inaporudishwa, iachiwe nafasi ya robo inchi ili ipate kutanuka.

Ikiwa sehemu hiyo ya sakafu ya nyumba imechomoza nje ya msingi, au boriti ya ukingo imekwisha kuoza, mimi ningejenga baraza inayosimama kwa nguzo zake yenyewe pande zote, bila kuegemea nyumba. Kwa vyovyote vile chukua kibali, na umwite mkaguzi aone bolti na bati kabla vinaili haijafunika.