Wazee wanaukimbia mchezo wa kumbukumbu: nifanyeje?

SWALI: Ninahudumia wazee katika makao yao. Kila alasiri napanga vitu kumi mezani, navifunika kwa kitambaa, kisha nawauliza vilikuwa vitu gani. Wawili wenye demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, siku hizi wakikiona tu kitambaa wanaondoka. Niendelee?

JIBU: Hapana ndugu yangu, badilisha, tena kuanzia leo. Mchezo huo hupima kumbukumbu ya mambo ya punde, nayo ndiyo hutangulia kudhoofika, hasa kwa wenye ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni aina mojawapo ya demensia. Unawatahini mahali wasipoweza kufaulu. Mzee anaweza kusahau swali lenyewe na bado akabaki na ile fadhaa.

Vitu vyako ni vizuri, usivitupe. Viache wazi. Mpe bibi kufuli kuukuu na ufunguo wake, alishike, alifungue, ndipo umuulize: "Bibi, wewe ungelifungia nini?" Hapo unataka maoni yake, na maoni hayana kukosea. Mikono nayo ina kumbukumbu yake: kukunja nguo au kufunga vifungo ni ujuzi ambao ugonjwa huchelewa kuufikia, kwa hiyo waombe wakusaidie kazi za namna hiyo. Maoni kwanza, ndiyo nguzo ya tiba ya kuchangamsha akili iliyobuniwa Uingereza na kujaribiwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003: kikundi kidogo, vipindi 14 vya dakika 45 hivi, viwili kwa wiki, kwa wenye demensia ya mwanzo au ya wastani.

Ikiwa kuna jambo ambalo ni lazima alishike, mathalani namba ya chumba chake, mwambie kisha muulize papo hapo. Muulize tena baada ya dakika moja, mbili, nne, nane. Akikwama mpe jibu mara moja, asibahatishe, kwa sababu kosa nalo hukaa kichwani. Halafu rudi kwenye muda wa mwisho alioweza.

Hamishia shughuli asubuhi, maana wengi hutaharuki jua likielekea kuzama. Hakikisha miwani ni safi na kifaa cha kusikia kina betri. Mara nyingi anayedhaniwa amesahau hakusikia tu. Na mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, aonwe na daktari siku hiyohiyo: huenda ni maambukizi, upungufu wa maji au dawa anazotumia.