Gitaa la oda limekuja na kasoro, hela iliyobaki nimpe fundi au nisimpe?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni kijana wa Newala napiga gitaa kwenye kwaya na maharusi pia tunaitwa. Mwaka jana baada ya hela ya korosho kutoka niliagiza gitaa kavu kwa fundi mmoja Mtwara mjini tukakubaliana laki sita, mwili mninga na ubao wa freti, ule wa shingoni wenye vile vyuma vidogo, mpingo, nikampa laki nne na nusu ya kuanzia. Alisema miezi mitatu ikawa saba, sikulalamika. Juzi nimelifuata nimerudi nalo Newala wiki ya pili tu nikaanza kuona mambo. Nyuzi zikiwa wazi linatyuni vizuri kabisa ila nikienda freti ya 12 sauti inapanda, na kinanda cha kwaya hakielewani nalo kabisa. Nyuzi ziko juu vidole vinauma. Freti nazo zimeanza kunikwaruza pembeni kama wembe na siku ya kwanza hazikuwa hivyo. Afu kuna jamaa hapa kaniambia huo sio mpingo ni mti umepakwa rangi. Fundi anadai laki na nusu yake iliyobaki na mimi nataka nimrudishie gitaa anipe hela yangu yote. Nifanyeje mjomba?

JIBU: Marahaba mpwa wangu, pole sana, laki nne na nusu ni magunia ya korosho hayo naelewa kabisa kwa nini hulali. Ila kabla ya yote nakuomba kitu kimoja, usimpe fundi mwingine yeyote hapo Newala "arekebishe kidogo". Akishaligusa mtu wa pili tu fundi wako atasema aliyeharibu ni yule, na hutakuwa na la kumjibu. Liache lilivyo, lipige picha leo hii.

Halafu naona umeweka makosa manne kwenye kikapu kimoja wakati kila moja lina chanzo chake, na moja kati ya hayo sio la fundi peke yake. Naanza na hilo.

Freti kuchomoza pembeni ni habari ya hewa. Mtwara mjini ni pwani, hewa ina unyevu mwaka mzima na mbao inaunywa ule unyevu inavimba. Wewe umelichukua umelipandisha juu Newala kipindi cha kiangazi, upepo mkavu, mbao ikatoa maji ikasinyaa, sasa chuma cha freti hakisinyai, kimebaki na urefu ule ule kwa hiyo ncha zimetokeza nje. Hiyo inatengenezwa kwa tupa ndogo na msasa, ni kazi ya muda mfupi tu. Kosa la fundi hapo ni kama alitumia mbao mbichi. Maseremala wanahesabu mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi moja ya unene, na mpingo ni mgumu zaidi kukauka, ukiukimbiza unapasuka, ndo maana wanaoujua wanapaka nta kwenye ncha za gogo ili maji yatoke taratibu. Muulize kwa upole tu, "fundi hii mbao ilikatwa lini?" Akisita sana utaelewa. Na wewe upande wako usilitundike ukutani chini ya bati, liweke kwenye boksi lake na kisahani cha sabuni chenye matundu chenye kitambaa kibichi kilichokamuliwa ndani yake, hasa miezi hii ya upepo.

Sasa hili la freti ya 12 ndo zito, na ndo naomba uchukue rula au tepu kabla hujachukua simu. Pima kutoka kile kipande cha mfupa kule kichwani nyuzi zinakopita mpaka katikati ya freti ya 12. Tuseme umepata milimita 325, basi gitaa lako ni la 650, kipimo cha kawaida. Kutoka freti ya 12 mpaka mfupa wa kwenye briji, kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi, inatakiwa iwe 325 hiyo hiyo na nyongeza kidogo, milimita mbili tatu hivi, upande wa uzi mnene zaidi na upande wa uzi mwembamba pungufu, kwa sababu ukiukandamiza uzi unauvuta na ukiuvuta sauti inapanda, sasa ile nyongeza ndo inairudisha. Ukikuta haipo, ni 325 kamili au pungufu, umeshajua ugonjwa, briji imebandikwa mbele mno. Inatibika, anaibandua anairudisha nyuma au anapanua mfereji wa mfupa. Ila pima pia freti yenyewe kwa yenyewe. Kwa gitaa la 650 freti ya kwanza inakaa milimita 36.5 kutoka kule kichwani, ya tano inakaa 163, ya saba 216. Kama hizo zimepishana milimita nzima au zaidi, basi mifereji ilikatwa vibaya na hapo hakuna msasa wala tupa ya kuokoa, ubao wa freti unabanduliwa unawekwa mwingine, kwa gharama yake yeye. Kwa sikio napo unaweza kuhakikisha, gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, usikie ule mlio wa kengele, halafu kandamiza hapo hapo upige, sauti mbili hizo zinatakiwa ziwe moja.

Nyuzi kuwa juu hilo lisikutishe. Pima kwenye freti ya 12 kutoka juu ya freti mpaka chini ya uzi, milimita mbili mpaka mbili na nusu ni nzuri, ikifika nne au tano ndo hayo maumivu. Kandamiza uzi kwenye freti ya kwanza na ya 14 kwa pamoja uangalie nafasi kwenye ya saba, ikiingia karatasi mbili tatu za daftari shingo iko sawa, ikipitisha kipande kinene cha boksi basi shingo imevutwa, na sio ajabu maana nyuzi sita za chuma zinavuta jumla kilo 70 hivi usiku na mchana. Kama ndani ya shingo kuna chuma cha kuinyoosha, hicho kinakazwa. Kama hakuna na mlikubaliana kiwepo, andika. Shingo ikiwa sawa ni kupunguza mfupa wa briji tu, ukitaka uzi ushuke milimita moja pale kwenye ya 12 unakata mbili kwenye mfupa. Asikate kabla briji haijakaa sehemu yake maana atafanya kazi mara mbili.

La mpingo. Huyo jamaa yako anaweza akawa sahihi au anabahatisha, usimwamini na usimdharau. Watu wengi watakwambia ufute na spiriti uone kama rangi inatoka, usifanye hivyo, mpingo wenyewe una mafuta yake na ukiupaka spiriti nao unatoa rangi, utamsingizia mtu. Mwombe fundi kipande kilichobaki alipokata ule ubao, lazima kipo, fundi hatupi mpingo. Kitupe kwenye ndoo ya maji. Mpingo unazama moja kwa moja mpaka chini. Hana kipande, basi mwambie mbele yako alegeze nyuzi akwangue kidogo sana sehemu iliyojificha mwishoni mwa ubao, mti uliopakwa rangi ndani yake ni mweupe au wa kahawia, mpingo unaendelea kuwa mweusi wenye uzambarau. Huku kwetu kusini ndo nyumbani kwa mpingo, wachongaji wa Kimakonde wanaujua kwa harufu tu, kumuuzia mtu wa Newala mti wa rangi kwa jina la mpingo ni kitu ambacho mimi binafsi sikivumilii kabisa. Ikithibitika, hiyo haiitwi kasoro, hicho sicho mlichopatana, dai ubao wa mpingo wa kweli au bei ishuke.

Sasa hela. Laki na nusu usimpe bado, lakini pia usimwambie humpi. Hiyo ndo kamba pekee uliyoshika. Panda basi ushuke nalo mwenyewe, ukiwa na karatasi yenye vipimo, sio na maneno ya "gitaa lako bovu". Fundi akiambiwa bovu anajitetea, akiambiwa briji imepungua milimita tatu anachukua rula aangalie. Muandikiane pale pale, atarekebisha nini, siku gani, na kwamba ukishalipiga wiki moja na likawa sawa unamaliza deni. Hela yote irudi ni hatua ya mwisho akikataa kugusa kabisa.

Nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta. Gitaa langu la kwanza la oda nilimpelekea fundi picha kwenye simu nikasema nataka kama hili, basi, hakuna kipimo hata kimoja, likaja na shingo nene kama mpini wa jembe. Nilienda nimevimba. Yule mzee hakubishana, akatandika mkeka barazani akaniambia kaa, shika shingo fumba macho. Akakwangua kidogo akanipa, shika tena. Akakwangua akanipa. Vumbi la mkongo limejaa kwenye kikoi chake na mimi nimefumba macho nashika shingo, mpaka mkono wangu ukasema hapo hapo. Ilichukua asubuhi nzima na vanishi ilibidi irudiwe yote kwa hiyo nilisubiri wiki nyingine mbili. Toka siku ile nikiagiza kitu naenda kukiona kikiwa cheupe, kabla hakijapakwa vanishi hata tone, na shingo naishika siku hiyo.

SWALI: Mjomba habari za kazi. Mimi niko Lindi, nimelipa laki saba zote kwa fundi wa gitaa huu mwezi wa kumi sasa. Simu hapokei, akipokea anasema vile vya kukazia nyuzi havijafika kutoka Dar. Hatukuandikiana. Nimeshapoteza?

JIBU: Hujapoteza ila umelipia korosho ikiwa bado ua dada yangu, na hilo lazima tuliseme ili mwingine asirudie. Fundi akishakula hela yote kazi yako inakuwa deni la zamani, na kila anayekuja na advansi mpya anakupita. Mimi nagawa mara tatu, ya kwanza ya vifaa, ya pili nikiona mwili na shingo kwa macho, ya tatu nikishalipiga.

Kutoandikiana hakukuondolei haki, mapatano ya mdomo nayo ni mkataba kisheria, shida yake ni ushahidi tu. Sasa ushahidi unao, ile meseji ya muamala wakati unatuma hela, meseji zenu, yeyote aliyekuwepo siku mnapatana. Usizifute. Acha kupiga simu, nenda karakana, na usiulize gitaa liko wapi, sema "nionyeshe mbao zangu". Kama mwili upo umekatwa na kinachosubiriwa ni vifaa kweli, hiyo naiamini, vitu vingine vinatoka Kariakoo na vingine nje ya nchi, basi mwandike tarehe mpya na shahidi asaini. Kama hata mbao hakuna, hapo hela haijafanya kazi yoyote, mwambie airudishe hata kwa mafungu. Akizunguka nenda serikali ya mtaa wake waitwe mkae, kesi nyingi za aina hii zinaishia kwenye benchi la mwenyekiti kwa sababu fundi hapendi jirani zake wasikie. Isipoishia hapo ndo Mahakama ya Mwanzo. Ila nenda mwezi huu, usisubiri mwaka ugeuke.

SWALI: Mjomba kaka yangu yuko Ujerumani anataka gitaa la mpingo litengenezwe huku Mikindani nimtumie, na kama inawezekana mbao mbili tatu za mpingo pia. Itapita?

JIBU: Gitaa na mbao ni vitu viwili tofauti. Mpingo na jamii yake yote iliingizwa kwenye mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini kuanzia Januari 2017, ikawa hata gitaa lililokwisha linadaiwa kibali. Wapiga muziki na watengenezaji wakalalamika sana, na kuanzia Novemba 2019 ala ya muziki iliyokamilika ikaondolewa kwenye hicho kibali. Mbao hazikuondolewa. Kwa hiyo gitaa mtumie likiwa limekamilika, na umwambie fundi akuandikie risiti inayotaja mti aliotumia. Kabla ya kufunga mzigo lipeleke kwa watu wa TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, waliangalie wakwambie karatasi gani za hapa nchini zinahitajika. Mbao usizifiche kwenye begi la mtu, anayekamatwa uwanjani ni yeye. Nyuzi zilegeze kabla hujafunga mzigo, na mwambie kaka yako asilifungue boksi siku linapofika, hasa kama ni kipindi chao cha baridi na nyumba zao zina hita, aliache lipumzike ndani ya boksi siku moja nzima kwanza.