Ukitaka kurudia gemu ya utotoni, usirudi peke yako

Mwaka jana mama alinipigia simu kutoka Tanga. Alikuwa anafagia stoo, akakuta sanduku la marehemu mjomba. "Mwanangu, hili lidude lenu la kubonyezabonyeza nilitupe?" Nilimwambia asilitupe, alifunge kwenye khanga, nitalifuata mwenyewe.

Lilikuwa Game Boy ya kijivu, mashine ya Nintendo ya kuchezea gemu mkononi, ile ya kwanza iliyotoka mwaka 1989, nzito kama tofali dogo. Mjomba alikuwa baharia. Alituletea mwaka 1996, mimi na mdogo wangu, ikiwa na kaseti moja tu ya gemu: The Lion King, ya ile filamu ya katuni ya Disney kuhusu mwanasimba Simba. Filamu yenyewe ilitoka Juni 1994, na gemu zake zikaanza kutoka mwaka uleule. Sisi filamu tuliiona baadaye sana. Kwa hiyo Simba wetu wa kwanza hakuwa na rangi ya dhahabu. Alikuwa wa kijivujivu juu ya kioo cha kijani kibichi, na hakuna aliyetuambia kwamba kuna Simba mwingine.

Naandika haya kwa sababu wengi wa rika langu sasa wana watoto, na nawasikia wakisema wanataka kutafuta gemu zao za zamani. Ni jambo zuri. Ila mimi nililianza vibaya.

Kosa la kwanza lilikuwa haraka. Nilifika nalo Dar usiku, nikafungua mfuniko wa nyuma. Mawe manne ya zamani, yaani betri, yalikuwa bado ndani, yamevuja, yameacha ukoko wa kijanikijani kwenye vyuma. Nilikwangua kwa kisu, nikakaribia kukivunja kimoja. Usifanye hivyo. Kama yaliyovuja ni mawe ya alkali, chovya kijiti cha pamba kwenye siki nyeupe kidogo, sugua taratibu mpaka ukoko ulainike, halafu malizia kwa spiriti na uache pakauke kabisa. Kaseti nayo isafishe meno yake ya chini kwa kijiti chenye spiriti. Ile tabia yetu ya kupuliza kwa mdomo iache. Tulidhani pumzi ndiyo inaiamsha, kumbe mate yanaingia kwenye shaba na kuila. Kilichokuwa kinasaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka upya. Na ukimaliza kucheza, toa mawe. Sanduku la mjomba lilikaa miaka yote ile nayo tumboni.

Kama huna kaseti yako na unanunua, itazame vizuri. Mimi nilitaka ya pili kwa ajili ya mdogo wangu, nikauziwa bandia iliyoganda kila baada ya dakika chache. Kaseti halisi ya Game Boy imefungwa kwa skrubu ya namna ya pekee, ambayo bisibisi ya kawaida haiifungui. Ukikuta skrubu yenye alama ya msalaba, uliza maswali. Karatasi ya mbele pia huwa na namba ndogo iliyogandamizwa, unaihisi kwa ukucha au unaiona ukiinamisha kaseti kwenye mwanga.

Kosa la pili ndilo kubwa. Nilicheza peke yangu, kitandani, taa imefifia. Game Boy ile haina taa ndani ya kioo. Kioo chenyewe ni nukta 160 kwa 144, kina vivuli vinne tu, na kitu kikikimbia kinaacha ukungu nyuma yake. Nilikuwa nainamisha mkono huku na huku nikitafuta pembe ya kuonea. Nikafa mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilipofika kwenye wale tumbili wanaomrusha Simba kutoka mti hadi mti, maisha yakaisha, na gemu ikanirudisha mwanzo kabisa. Nikaizima. Nilihuzunika kweli, nikihisi kama nimemtembelea ndugu na hakunitambua.

Siku chache baadaye nikasoma alichosimulia Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood Studios, kampuni iliyotengeneza gemu hii kwa mashine kubwa za kuunganishwa na televisheni. Marekani wakati ule watu walikuwa wanakodi gemu kwa siku chache kama walivyokodi kanda za video. Disney hawakutaka mtu akodi, amalize, arudishe, asinunue tena. Basi hatua ya pili, ile ya tumbili, ikafanywa ngumu kwa makusudi. Kaseti yetu ya mkononi ni toleo lake dogo, na tumbili wake walitukwamisha vilevile.

Niliposoma nikamkumbuka mdogo wangu akiwa na miaka sita, akilia na kusema yeye mjinga, tumbili wanamshinda. Nami dada yake nikamwambia ndiyo, wewe mjinga, lete zamu yangu. Miaka yote ile tulibeba aibu ya jambo lililopangwa mezani, mbali na Tanga, kwa ajili ya maduka ambayo hatukuwahi kuyaona. Ndiyo maana nasema: kabla hujarudi kwenye gemu iliyokushinda utotoni, tafuta habari za namna ilivyotengenezwa. Utaicheza kwa moyo mwepesi.

Nilimpigia simu usiku uleule nikamsomea. Akanyamaza, kisha akasema, "Dada, nakuja Idd. Usiicheze mpaka nifike."

Alikuja. Tulikaa sebuleni kwa mama, kwenye kiti kilekile karibu na dirisha, saa kumi alasiri, jua likiingia ubavuni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kifaa hiki kinahitaji dirisha. Kule utotoni tulikuwa tunahamahama nyumbani kufuata mwanga: asubuhi barazani, mchana chini ya mwembe, jioni dirishani, na giza likiingia gemu inaisha. Ukiirudia, irudie katika mwanga wake. Usihukumu kioo kile ukiwa gizani ukakilinganisha na simu yako.

Na ilikuwa gemu ya watu wawili, ingawa kwenye boksi imeandikwa mchezaji ni mmoja. Mmoja anashika, mwingine anaegemea bega lake na kupiga kelele: ruka, subiri, unguruma! Zamu inabadilika ukifa. Mdogo wangu ndiye aliyekumbuka kwamba Simba akiwaungurumia tumbili wanageuka na kumrusha upande mwingine. Vidole vyangu havikuwa na habari hiyo hata kidogo, vyake vilikuwa nayo. Kumbukumbu ya gemu ile ilikuwa imegawanywa nusu kwa nusu, na mimi nilijaribu kucheza na nusu yangu tu.

Binti yangu, ambaye filamu anaijua kwa moyo, aliuliza mbona hakuna rangi. Nilitaka kuanza kueleza, mdogo wangu akaniwahi: "Rangi unaweka wewe." Akakaa katikati yetu. Kilichomshika zaidi ni majina. Sisi tuliamini gemu hii imetengenezwa na watu wa Tanga, maana mfalme anaitwa Simba, nyani mzee ni Rafiki, na ngiri ni Pumbaa, neno ambalo bibi alitutupia kila tulipochelewa kurudi kutoka dukani. Fisi anaitwa Shenzi, tusi ambalo tungelisema sisi tungechapwa. Nilimweleza binti kwamba sarabi, jina la mama yake Simba, ni mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana mbele ya gari barabarani wakati wa jua kali. Kama gemu yako ya utotoni ina kitu cha namna hii cha kumwonyesha mtoto, anza nacho. Usianze na hotuba ya jinsi zamani tulivyoridhika na kidogo.

Usimlazimishe kumaliza pia. Wangu alicheza robo saa, akaenda zake nje, akarudi baadaye kuuliza tumefika wapi.

Wasio na mashine ya zamani wasikate tamaa. Mwaka 2019 ulitoka mkusanyo wa gemu za Aladdin na The Lion King uliotengenezwa na kampuni ya Digital Eclipse, unaochezeka hata kwenye Nintendo Switch ya kushika mkononi, na toleo la Game Boy limo ndani. Unaweza kurudisha mchezo nyuma sekunde chache ukikosea, au kutazama mashine ikicheza yenyewe kisha ukaingia katikati. Wengine wanaona ni kudanganya. Mimi naona baada ya ule mpango wa tumbili, tunadai msaada huo.

Sisi hatukuutumia siku ile. Tulivuka tumbili saa kumi na mbili kasoro, zamu ikiwa ya mdogo wangu, nami nimelishika bega lake. Mama alitoka jikoni mbio akidhani kuna mtu ameanguka. Tulipotaka kuendelea jua lilikuwa limeshuka nyuma ya nyumba ya jirani, na kioo kilikuwa hakionekani tena.