Uliyemshangilia Novemba, Januari yuko kwingine

Jezi ile mwanangu analalia siku hizi. Aliniomba nimnunulie mwezi wa kumi, yenye namba ya kijana aliyekuwa anarusha mipira kwenye timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo cha mji wetu hapa Marekani. Chuo sitakitaja. Kufika mwezi wa kwanza kijana kashahamia chuo kingine, na mtoto ananiuliza, "Baba, hii sasa tuifanyeje?"

Mimi ni mnazi wa michezo ya vyuo tangu 2009, na misimu miwili iliyopita nilikata tamaa kabisa. Nilisema wanavyosema wengi: tangu wachezaji wa vyuo waanze kulipwa, raha imekwisha. Sasa nimerudi uwanjani, ingawa si kwa wazimu ule wa zamani. Kama na wewe umechoka, pengine nilichopitia kitakufaa.

Anza kwa kujiuliza kinachokuuma ni nini hasa. Mimi nilidhani ni hela, mpaka nilipomkumbuka Hasheem Thabeet. Nilifika Connecticut wakati wa baridi, nafanya kazi usiku ghalani, simjui mtu, na kwenye televisheni yuko kijana wa Dar es Salaam, mrefu kupita mlango, anazuia mipira ya kikapu akiwa na jezi ya UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka huo walifika nusu fainali Detroit wakafungwa na Michigan State. Ukumbi ulijaa, televisheni zililipa, makocha wakubwa wa vyuo walikuwa wanachukua mamilioni kwa mwaka. Thabeet na wenzake walipata masomo, chakula na kitanda. Mshahara wake wa kwanza ulikuja baada ya Memphis kumchagua wa pili NBA, Juni ile. Raha yangu ya wakati ule ilikuwa ya bei rahisi kwa sababu kuna mtu hakulipwa, na sioni namna ya kuitetea.

Mwaka huohuo wa 2009 Ed O'Bannon, aliyewahi kuchezea kikapu chuo cha UCLA, Los Angeles, alikwenda mahakamani baada ya kujiona ndani ya mchezo wa video bila kupewa hata senti. Kesi zikafuatana. Juni 2021 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliiangusha NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, katika kesi ya mchezaji Alston, na Julai mosi wachezaji wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao. Juni 2025 ikaidhinishwa suluhu ya kesi ya mwogeleaji House: dola bilioni 2.8 za fidia kwa waliocheza zamani, na vyuo kuruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kikomo kikiwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza.

Basi si hela. Angalia Caitlin Clark, mcheza kikapu wa chuo cha Iowa. Alikuwa na mikataba ya matangazo akiwa bado mwanafunzi, na fainali yake ya 2024 dhidi ya South Carolina ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 18, kuliko fainali ya wanaume ya mwaka huo. Hakuna aliyemchukia kwa kulipwa. Lakini Clark alikaa Iowa miaka minne. Watu walimwona akikosa, akijifunza, akikua.

Kinachotuuma ni kuondoka. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje mwaka mzima, na tangu 2024 anaweza kuhama kila mwaka mradi masomo yake yako sawa. Nico Iamaleava, mrusha mipira, aliiongoza timu ya chuo cha Tennessee hadi hatua ya mtoano ya ubingwa, na Aprili 2025, baada ya mazungumzo ya malipo kuvunjika, akaishia UCLA. Simlaumu; kocha naye akiitwa kwenye fungu nono anafungasha usiku huohuo.

Hapa sisi tuliokulia Kariakoo tuna dawa, tunaisahau tu. Clatous Chama alipovuka kutoka Simba kwenda Yanga 2024, watu walilia, walitukana, wengine walisusa kula. Mwezi wa nane Uwanja wa Mkapa ulifurika kwenye Simba Day. Mapenzi yetu hayaning'inii kwa mchezaji, yako kwenye rangi aliyotuachia baba. Kwa hiyo nunua fulana yenye jina la chuo tu, mgongoni pawe patupu. Halafu Desemba na Januari usifuatilie nani kahama, nani kabaki. Mimi nasubiri Agosti, nasoma orodha mara moja kama anayesoma majina ya bibi harusi na wageni wake, yamekwisha.

La mfukoni ndilo lilinitia aibu. Chuo chetu kilipandisha bei ya tiketi za msimu, kisha wakanipigia simu: changia kidogo kila mwezi ili "tuwabakize vijana wetu". Nikachangia dola 25, mwaka mzima. Mke wangu akaziona kwenye taarifa ya benki, akaniuliza, "Unamsomesha mtoto wa nani?" Wakati huo mpwa wangu Morogoro karudishwa nyumbani kwa ada. Na kijana wa namba ile ya jezi ndiye niliyekuwa nikimbakiza! Nilifuta mchango siku hiyohiyo. Lipia unachokwenda kukitazama, basi. Mishahara waitafute wanaouza haki za televisheni. Tennessee angalau waliandika wazi: asilimia 10 juu ya tiketi ya mpira wa Kimarekani, kwa ajili ya wachezaji. Unaijua, unaikubali au unakaa nyumbani.

Kisha hamia michezo midogo. Voliboli ya wanawake, riadha, mbio za nyika, ambazo mara nyingi hata kiingilio hakuna. Huku ndiko njia ya vijana wetu ilikopita: Suleiman Nyambui akiwa El Paso, Texas, kabla ya fedha yake ya Moscow 1980, Henry Rono akiwa mwanafunzi wa Washington State, akivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Na huku ndiko hofu yangu ilipo. Fungu likielekea kwenye mpira na kikapu, panga litaanza na mwanariadha, na kijana wa kigeni mwenye viza ya masomo amebanwa na masharti ya kazi hata hizo za matangazo asiweze kuzifaidi kama wenzake. Thabeet angecheza leo, angekaa benchi moja na matajiri, yeye akiwatazama tu.

Oktoba iliyopita nilimpeleka mwanangu kwenye mbio za nyika. Matope, baridi, watazamaji labda mia mbili. Akapita binti Mkenya, katikati kabisa ya kundi, na mtoto akapiga kelele, "Kaza, dada!" Binti aligeuza shingo nusura ajikwae. Baada ya mbio akatutafuta, tukampa chai ya chupa na maandazi. Mtoto, ambaye ameshakuwa mjanja, akamuuliza kama mwakani atakuwepo.

"Niende wapi," akacheka, "na kemia bado inanisumbua?"