Sherehe ya kuwapokea wanafunzi wapya ina maana yake

Umeuliza iwapo sherehe rasmi ya kuwapokea wanafunzi wapya wa chuo kikuu ni kupoteza muda, ilhali wote wamekwisha kusajiliwa kwa kompyuta. Sikubaliani, kwa sababu asili yake ni usajili wenyewe: neno la Kilatini matricula, lililozaa jina la Kiingereza la sherehe hii, matriculation, lilimaanisha orodha ya majina, na katika vyuo vikuu vya kale vya Ulaya mwanafunzi alikula kiapo, akaandikwa humo, na tangu hapo akahesabiwa kuwa mwanajumuiya mwenye haki na wajibu. Oxford hadi leo hulifanya tendo hilo kwa muda mfupi tu, wanafunzi wakiwa wamevaa majoho. Hotuba ndefu, naam, zipunguzwe. Lakini kumtambua mgeni hadharani kuwa ni mwenzetu kusiondolewe.